Mita Iliyohesabu Pumzi Yangu

Kamati ya maji ya kijiji chetu, upande wa Kamukuywa, ilinichagua mwenyekiti kwa sababu nilifundisha fizikia Kitale kwa miaka mingi, na watu hudhani aliyefundisha jambo ndiye anayelifahamu. Bomba letu huteremka kutoka Mlima Elgon, na kila nyumba ilitoa ada ileile, iwe imeteka mtungi mmoja au imemwagilia shamba zima. Aliyeumia ni mjane mmoja mpika maandazi, anayeishi kwenye kijilima bomba linapoishia. Mfereji wake ulikohoa hewa tangu asubuhi hadi jioni. Mpango wa kufunga mita, kila nyumba ilipie kiasi inachotumia, kwangu ulikuwa mpango wa kumfikishia mama huyo maji.

Aliyeupinga ni mwenzangu wa rika. Tulitahiriwa msimu mmoja, na kwa desturi yetu Wabukusu ana ruhusa ya kunidhihaki hadharani nami nisikasirike. Ruhusa hiyo ameitumia kwa bidii maisha yake yote. Shamba lake la nyanya liko juu, karibu na tangi la maji, na mpira wake wa kumwagilia haukujua kupumzika.

"Mita zinahesabu hewa," alitangaza sokoni. "Shemeji yangu wa Kanduyi ameona."

"Ameona mita gani, na siku gani?" nikamuuliza.

"Ati siku gani. Kwani unataka kumshtaki?"

Sipokei habari za mashemeji. Nilikwenda Kitale, nikaingia duka la vifaa vya ujenzi, nikaomba kukagua mita zote zilizokuwa rafuni.

"Mzee, si zote ni sawa tu," akasema binti wa duka.

"Hilo ndilo ninalotaka kulithibitisha, binti yangu."

Nyumbani nilipitisha mitungi kumi ya lita ishirini ndani ya mita niliyoinunua. Mtungi wa kumi ulipojaa, sufuria zetu zote zilikuwa zimejaa pia na ng'ombe wamekwisha kunyweshwa, na mke wangu akataka kujua kama fizikia itawanywesha ng'ombe mara ya pili. Hesabu ya mita ililingana na ya mitungi. Nililala nimeridhika.

Siku ya mkutano, katika ukumbi wa kanisa, nilivaa suti. Nilieleza jaribio langu kwa utaratibu, na watu wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Kisha mwenzangu wa rika akasimama.

"Mwalimu, maji umepima. Hewa je?"

"Hewa ni nyepesi mno. Haiwezi kuizungusha."

"Umejaribu?"

Sikuwa nimejaribu. Mimi niliyekidai kijiji kizima ushahidi nilikuwa nimesimama mbele yake na maneno matupu.

"Basi puliza, bana."

Niliiweka mita mdomoni nikapuliza. Kigurudumu chekundu cha mita kilizunguka kama kilichokuwa kikinisubiri.

"Karani, andika," akasema mwenzangu kwa sauti ya mahakama. "Mwenyekiti ametumia pumzi. Apelekewe bili kabla hajavuta nyingine."

Ukumbi uliangua kicheko. Nilijaribu kukunja uso, lakini uso ulikataa. Nikacheka hadi nikavua miwani. Mara ikatokea foleni ambayo hakuna aliyeipanga. Katekista alipuliza. Mwenyekiti wa akina mama alipuliza, akamshinda katekista, naye katekista akaomba kurudia. Nilijikuta nikisoma matokeo kwa sauti kama siku ya michezo shuleni.

Ndipo mjane akasimama.

"Mnacheka vizuri," akasema. "Sasa mimi ambaye kwangu hutoka hewa tupu, si ndiye nitalipa kuwashinda wote?"

Mita niliyoitetea kwa ajili yake ingemtoza kwa ukame wake. Akamgeukia mwenzangu wa rika, ambaye machozi ya kicheko bado yalikuwa shavuni.

"Mzee, hiyo hewa inaanzia kwa mpira wako."

Siku nyingine angebisha. Lakini ni vigumu mtu kurudi kwenye ukali akiwa bado anafuta machozi ya kicheko.

"Nikiufunga, itaisha?"

"Sijui," nikasema, na nilikuwa makini kusema hivyo. "Tupime."

Alipanda kwenda kufunga mpira. Sisi wengine tuliteremka na kupanda kijilima, na fundi akaifunga mita kwenye mfereji wa mjane. Hewa ilitoka kwanza, na mita ikacheza kwa wazimu. Tulisimama tukiitazama kana kwamba ni mtoto anayejifunza kutembea. Mfereji ukapiga chafya, ukatema kutu, kisha maji yakaja, meupe, mengi, yakimlowesha fundi hadi magotini. Watu waliyashangilia kama timu.

Tuliamua palepale uani: pafungwe kwanza kifaa cha kutolea hewa kwenye kijilima hiki, na nyumba yoyote isilipishwe kabla hapa hapajatoka maji matupu. Mita ya kwanza ifungwe kwenye shamba la nyanya.

Mwenye nyanya alifika akihema. Tukamsomea uamuzi.

"Na nyanya zangu je?"

"Nimengoja mwaka mzima," mjane akamjibu bila kugeuka. "Zingoje mtungi huu ujae."

Kisha mjane akainua mkono kuunga mpango, mmoja tu, kwa kuwa wa pili ulikuwa umeshika mtungi.