Maji ya Kuoshea Gobore

Nikiona kitambaa chenye kutu nakunja uso mpaka leo, na wajukuu wananicheka. Wacheke tu. Wao hawakuolewa kwenye nyumba yenye gobore.

Gobore lilikuwa la baba mkwe wangu. Kule kwenye tembe letu la zamani, chini ya majabali, lilining'inia juu ya mafiga, kwenye moshi, ambako mdudu hakai na unyevu haufiki. Alilirithi kwa baba yake, akalilipia kibali, na nguruwe pori wa upande ule walilijua. Operesheni ya kuhamishia watu kwenye vijiji vipya ilipokuja tukapakiwa kwenye lori na magunia na kuku, tembe likabomolewa, tukashushwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zimepangwa mstari kama watoto wa shule wanaosubiri kukaguliwa kucha. Huko baruti ikawa adimu. Viongozi wa kijiji wakamwambia mzee alitunze gobore lake vizuri, lakini asilipige mpaka aitwe. Basi likalala, na miaka ikapita bila kulia.

Mzee hakulisahau. Kila mvua zilipokaribia alilishusha darini akalifanyia vile alivyofundishwa na baba yake. Alimimina maji ya moto ndani ya mtutu ili kutoa mafuta ya zamani, akasugua kwa kitambaa alichokifunga kwenye mdeki, ule ufito wa chuma wa kushindilia baruti. Akaliacha juani kidogo, akalipaka mafuta ya mkia wa kondoo ndani na nje, mwisho akaziba mdomo wake kwa nta ili nyigu asijenge humo. Mtu asije akaniambia mzee yule alikuwa mzembe. Alilitunza gobore kuliko alivyotunza miguu yake.

Ubaya ulikuwa kwenye maji. Kule majabalini tulichota ya mvua, yaliyotuama kwenye mashimo ya miamba, matamu. Kijiji kipya kilikuwa na kisima cha maji ya chumvi. Sisi wanawake tulilijua hilo siku ya kwanza: sabuni ilikataa kutoa povu, maharage yaligoma kuiva, sufuria ikaota ukoko mweupe. Jembe ukilisuuza jioni, asubuhi limeshika kutu. Na maji hayohayo ndiyo niliyoagizwa kuchemsha kwa ajili ya gobore.

Gobore lenyewe sikuligusa kamwe, mwanamke hakuruhusiwa. Nilichokipata mimi ni kitambaa, nikifue. Mwaka wa kwanza kilirudi na rangi ya chai. Mwaka uliofuata kilirudi chekundu kama udongo wa kichuguu. Halafu kikaja na magamba, vipande vyeusi vyembamba vilivyonichoma vidole nikikikamua. Nilivitazama kwenye kiganja nikaelewa. Chuma kile kilikuwa kinaliwa kutoka ndani, na nta ilikuwa imekifungia humo pamoja na chumvi yake. Siku likipigwa, lingempasukia mzee usoni.

Utasema, si ungemwambia? Ee, ungemwambia wewe. Kwetu mkwe na baba mkwe hawazungumzi. Nikikutana naye njiani nilitoka pembeni nikachuchumaa. Shikamoo nilimpa nikiwa nimepiga magoti, macho chini, na yeye aliitikia huku akitazama ng'ombe. Tangu nimeolewa hakuwahi kuniangalia usoni, wala mimi yeye. Heshima ndiyo hiyo.

Nikamwambia mume wangu. Akacheka, akaniuliza mimi na bunduki wapi na wapi. Nikamwendea mama mkwe, nikampa yale magamba mkononi. Yeye alikuwa mtu mwema, ila muoga, na ujumbe ulipofika kwa mzee ulikuwa umekonda: mkweo anasema maji ya kisima si mazuri. Mzee akajibu kwamba kama nimechoka kuchota niseme nimechoka. Nilikasirika, jamani! Nilikaa jikoni nikapepeta mtama kwa hasira mpaka ukamwagika.

Mwaka uliofuata nilitembea mwenyewe hadi mahameni, kule majabalini tulikohamishwa, nikarudi na maji matamu kwenye kibuyu, nikayachemsha bila kusema kitu. Kitambaa kikarudi na magamba vilevile. Hapo nikajua tumechelewa. Kuanzia siku hiyo nilikuwa naiangalia dari kama mtu anayelala chini ya nyoka. Niliomba Mungu kijiji kisimwite mzee.

Kikamwita. Asubuhi moja, jua limeshawaka, fisi aliingia shamba la kijiji. Fisi wa mchana si fisi wa kawaida, kila mtu anajua. Mate yalimtoka, akatembea upande, alikuwa ameshamng'ata ndama na mbwa wawili. Watu wakakimbilia kwetu. Katibu wa kijiji alikuwa na baruti kidogo aliyoitunza ofisini, akaileta mwenyewe.

Mzee alilishusha gobore kwa furaha. Mgongo ulimnyooka. Aling'oa nta, akamimina baruti, akashindilia kwa mdeki, na mimi nilisikia ule mdeki ukikwaruza ndani kama mtu anasaga mchanga. Yeye hakusikia, masikio yake yalikuwa yamezeeka. Nikamvuta mume wangu shati. Akanitoa mkono mbele ya watu.

Tukafuata nyuma, wanawake mbali, wanaume karibu. Fisi alisimama katikati ya mabua. Mzee akapiga goti, akaweka kitako cha gobore begani, shavu juu yake, jicho moja amelifumba. Sikuwaza tena. Nikapiga kelele kwa sauti yangu yote:

"Baba! Acha! Limeoza!"

Mzee aligeuka. Kwa mshangao, kwa hasira, sijui. Mkwe wake alikuwa amemwita mbele ya kijiji kizima. Aligeuza kichwa kunitazama na kidole kilikuwa kimeshavuta.

Mtutu ulipasuka kama bua la mtama. Moshi ulipotoka, mzee alikuwa ameketi chini anautazama mkono wake wa kushoto, na mkono haukuwepo tena wa kuuita mkono. Kipande cha chuma kilikuwa kimemchana sikio na kupita pale uso wake ulipokuwa kabla hajageuka. Fisi aliuawa kwa marungu, na sikukaa kuangalia.

Alirudi kutoka hospitali mvua zikiwa zimekwisha. Wazee wakaketi. Kila mtu alikuwa na maelezo yake, na yote yaliishia kwangu: kelele za mkwe ndizo zilizopasua gobore. Wengine walisema nililitamkia laana, ndiyo maana nilijua. Mume wangu alinyamaza, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko maneno yao. Wakanitoza kondoo kwa kuvunja heshima. Mzee alikaa na kigutu chake cha mkono kimefungwa vitambaa, hakunitetea, hakunishtaki. Kondoo alimpokea. Nililia kwa uchungu, maana kondoo yule nilimlea mwenyewe.

Akachinjwa palepale uani. Mkia ulikuwa mnene, wa kutoa mafuta ya mwaka mzima, na tangu zamani mkia ulikuwa wa mzee, kwa ajili ya gobore. Mama mkwe alimpelekea kwenye ungo.

"Mpe mkwe," akasema. "Mimi sina tena cha kupaka."

Mama mkwe hakuelewa, akabaki amesimama. Basi mzee akainuka, akauchukua ungo kwa mkono mmoja na kuuegemeza tumboni, akaja nao mpaka mlangoni pa jiko langu. Nikapiga magoti, nikaupokea kwa mikono miwili. Nilipoinua uso alikuwa ananiangalia, kwa macho yake yote mawili. Kisha akageuka akatazama ng'ombe.