Mafuta ya Viwele

Mpaka leo mshtuko ule haujanitoka, na mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Nimekaa kwenye kaunta ya malipo ya duka la dawa la mji wetu hapa Wisconsin miaka kumi na saba, nimeona mengi. Lakini Lorna Stuhr? Lorna huyu huyu wa rafu ya dawa za ngozi?

Mtu mwenye chunusi mji huu haendi kwa daktari, huja kwa Lorna. Yeye hukushika kidevu, akakugeuzia dirishani kama anakagua ndama, kisha akakuchagulia vitu vitatu tu: sabuni laini ya uso, dawa moja ya chunusi, na mafuta mepesi yasiyoziba vinyweleo. "Wiki sita," husema. "Usibadilishe, usiminye, na usije kunililia kabla ya hapo." Ukibeba vya ziada anavirudisha rafuni mwenyewe. Mwenye duka hampendi kwa hilo, ila nyuso za vijana wetu ni safi.

Isipokuwa uso wa mjukuu wake. Maren, binti wa miaka kumi na saba anayelelewa na Lorna tangu mama yake afariki, alikuwa amechaguliwa Malkia wa Maziwa wa wilaya, msichana wa kuwawakilisha wafugaji wa ng'ombe, na mashavu yake yalikuwa yamejaa vipele vyekundu. Lorna alimjaribishia dawa moja baada ya nyingine, kila moja wiki zake sita, na hali ikazidi kuwa mbaya. Watu nao wana midomo. "Mganga hajigangi," walisema huku wakilipa, nami niliwarudishia chenji kwa hasira.

Ijumaa moja ya Februari Maren aliingia dukani, skafu mpaka machoni, akaweka barua kwenye kaunta.

"Shangazi Arlys, nipe stempu. Taji lao nawarudishia."

"Unawarudishia?" nikauliza, stempu tayari mkononi. "Umechanganyikiwa wewe?"

"Sasa mwezi wa sita nikasimame juu ya trekta kwenye gwaride na uso huu? Shuleni wananiita Pitsa."

Lorna alikuwa anavaa koti, zamu yake imekwisha, ng'ombe wake nyumbani wanasubiri kukamuliwa. Aliiona bahasha, akasoma jina la kamati ya taji. "Nimeshindwa, mama. Mji mzima nauweza, wewe nimekushindwa."

Kisha, bila hata kufikiri, akatoa kopo mfukoni, akachota kwa vidole viwili, akamshusha Maren skafu na kumpaka mashavu yote mawili, taratibu, mpaka yakang'aa.

Nilipiga ukelele. Mteja mmoja aliangusha chupa ya dawa ya kikohozi.

"Lorna! Unampaka nini huyo?"

"Mafuta. Baridi hii itamchuna ngozi."

"Si mafuta ya viwele hayo!"

"Kwani vipi? Hata wewe si umeyapaka mdomoni?"

Kweli, nilikuwa nimeyapaka. Sote tunayapaka: mikononi, midomoni, hata kwenye viatu. Yalitengenezwa ili chuchu za ng'ombe zisipasuke, mazito kama nta, na kopo lake halikosekani katika zizi lolote. Kwetu hayo si kipodozi, ni kama maji ya kunywa, nani atayataja?

"Unampaka mara ngapi?"

"Tukienda kukamua. Asubuhi na jioni. Tangu mama yake..."

"Shoga, mtu akija na uso kama huo, akakwambia anapaka hayo mara mbili kwa siku, utamwambiaje?"

Lorna aliliangalia lile kopo kama hajawahi kuliona.

"Ni mimi," alisema. "Nimemziba vinyweleo kwa mkono wangu mwenyewe."

Nilitegemea Maren afoke, na angekuwa na haki. Hakufoka. Alimtazama bibi yake anavyoficha mikono nyuma.

"Basi," Lorna akasema, "sikugusi uso tena."

Hapo ndipo mtoto alipolia. Barua haikumliza, wala Pitsa haikumliza.

"Nani kasema usiniguse, Bibi? Kanawe mikono, urudi."

Lorna akaenda kwenye sinki la nyuma. Tulisikia maji yakimwagika muda mrefu, yanafungwa, yanafunguliwa tena. Maren aliichukua barua yake, akaikunja mara mbili na kuitia mfukoni. Mimi nikairudisha stempu kwenye droo.