Kupepesuka

Mwanafunzi wangu Mchina, fundi wa reli hapa Kilosa, leo kaja darasani akitokea Kidodi, shati linanuka miwa iliyochomwa.

"Mwalimu, kuchechemea na kupepesuka, si yote kutembea vibaya?"

Wiki nzima tuko hapo hapo, nimechoka. Nikamwambia anayechechemea anaumwa mguu. Kwenye kupepesuka nikakwama. Ile harufu ilishanifika.

Baba alikuwa mkata miwa. Mchana mmoja nilimwona anarudi, masizi mpaka kwenye kope, anashika ua wa jirani, anauachia, anaushika tena. Nikakimbilia ndani.

"Mama, baba anapepesuka!"

Kwetu neno hilo lilikuwa la walevi. Mama akakomea mlango.

"Akae huko huko na pombe yake."

Baba hakugonga. Alikaa kibarazani, akaniita dirishani kwa sauti ndogo.

"Mwanangu, naomba maji. Homa hii itaniua."

Mama akatikisa kichwa. Sikupeleka.

"Mwalimu?" Mchina alikuwa ananisubiri, kalamu mkononi.

"Andika," nikamwambia. "Mlevi hupepesuka, na mwenye homa hupepesuka. Fungua mlango kwanza, neno utalitafuta baadaye."

Akaandika yote, hata mlango.