Uzi wa Sanduku la Marhoon

Tangu posa ya bintiye Aliya ikubaliwe, Masouda hakutulia. Akiinjika chungu, anakiacha. Akitandika kitanda, anainama kuchungulia uvunguni. Sanduku la bati lilikuwa palepale, lile lililotoka Unguja mwaka sitini na nne na kufika Maskati bila kufunguliwa. Litakwenda wapi, na miguu halina? Lakini nani wa kumwambia.

Mumewe Marhoon alikuwa bwana forodha kule. Kazi yake kupitisha uzi kwenye marobota, kisha kuubana kwa kipande cha risasi, yale madini laini, kwa koleo lenye chapa. Na mfukoni hakukosa muhuri mwingine wa risasi, mkongwe wa zaidi ya miaka elfu, ambao baba yake aliununua Sham. Upande mmoja ulikuwa na sura ya mfalme wa Rumi wa Kostantiniya, upande wa pili jina la mtoza ushuru wa jimbo. Marhoon akimwita huyo mtoza ushuru "mwenzangu". Aliwachosha wageni kwa kuwaonyesha tundu ulimopita uzi: hariri iliyofungwa nao imekwisha, mfalme kafa, uzi umeoza, mwenzangu bado yupo. Usiku aliuweka chini ya mto.

Siku ya kumpandisha mkewe na mtoto melini, alilifunga sanduku mwenyewe na kulitia risasi ya forodha.

"Usiukate uzi," alimwambia. "Nnakuja kuukata mwenyewe."

Miaka sita, barua hakuna. Kila aliyefika kutoka Unguja Masouda alimkimbilia, akarudi bila habari. Kaka yake Harub alimsihi akae eda, aache kujidanganya, wakateta, wakanuniana. Kwa Masouda, kuukata uzi ule ni kumzika mume kwa mkono wake.

Sasa Aliya anaolewa Bawshar, karibu na Maskati, na kisutu, ile kanga aliyovaa mama yake siku ya harusi, kimo sandukuni. Mtoto hakuomba jingine. Masouda alimwahidi, akamnyima, akamwahidi tena. Asubuhi ya harusi Harub alileta mkasi, akauweka kitandani, akatoka.

Masouda akalivuta sanduku. Mkasi hata hajaugusa, muhuri wa forodha ukamjia mkononi mzima mzima. Chumvi ya bahari ilishaula uzi. Alicheka, akajionea haya kwa kucheka, lakini wallahi hakuukata yeye.

Akafunua. Kisutu kilikuwamo, na vigauni vya Aliya vya utotoni. Alipekua mpaka chini akitafuta kanzu ya Marhoon, kofia, chochote cha mwanamume anayekusudia kusafiri. Hakuna hata uzi wake. Pembeni tu, ndani ya kitambaa, ulikuwamo muhuri wa Rumi, ule asiolala bila ya kuuweka chini ya mto.

Aliugeuza mkononi, upande wa mfalme, upande wa mtoza ushuru. Kisha akamwita Aliya, akamfunga kisutu, akakinyoosha mabegani.

"Alijua haji," alisema. "Harusi ipite, mwanangu. Kisha nikae eda ya baba yako."