Kutafuta Maelezo ya Kadi Iliyosahauliwa

Siku yangu ya kwanza redioni, Mkuu wa Ufundi, ambaye sote tulimwita Chef, alinionyesha kompyuta iliyofunguliwa ubavu. Ndani yake mlikuwa na kadi ya sauti, yaani kibao cha saketi kinachogeuza sauti kuwa namba na namba kuwa sauti.

"Déo, hii we uiangalie na macho tu," aliniambia. "Ikikufa, hakuna ingine muji muzima wa Buja."

Kadi zile zilikuwa na tabia moja ambayo vijana wa leo hawaijui. Zilibana sauti zenyewe ili diski isijae, na zilibana kwa namna yao. Kilichorekodiwa na kadi ile hakikufunguka kwa kadi nyingine yoyote. Hatukujali. Miaka ile watu waliotawanywa na vita walipanga foleni studioni kuwatumia ndugu zao salamu, nasi tulirekodi tu.

Baadaye nilihamishiwa kwenye mitambo ya kurushia matangazo, milimani juu ya mji, nikazeekea huko. Niliporudishwa studioni, Chef alikuwa amekwisha kufa na kompyuta zake zilikuwa chuma chakavu, ila diski zenye salamu zilikuwa bado zimewekwa. Tulikuwa tumehamia kwenye programu huria, zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzisoma na kuzirekebisha. Kadi moja ilikuwa bado nzima, lakini haikuwa na kiendeshi, ile programu ndogo inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa.

"Bon, Papa Déo, diski hizo zitupwe," Mkurugenzi alisema. "Nani atazisikiliza?"

Aliyetaka kuzisikiliza alikuja mwenyewe kutoka mtaa wa Buterere. Aliitwa Mama Leokadia. Majirani walimwambia zamani kwamba mwanawe Fabien alisikika kwenye redio yetu wakati mama huyo alipokuwa akikimbia vita, hana redio wala makao. Fabien hakuonekana tena.

"Mi sitaki kitu ingine," aliniambia. "Nataka tu kujua alisema nini."

Nikaanza kutafuta. Kuandika kiendeshi si kazi ngumu sana ukiwa na maelezo ya chipu: karatasi zinazoeleza rejista, yaani vijisanduku vilivyomo ndani yake ambamo unaandika amri. Bila hayo unapapasa kama kipofu kwenye nyumba ya watu. Kampuni iliyounda kadi ilikuwa imefungwa. Iliyoinunua ilinijibu kwamba maelezo hayo ni siri. Siri ya kitu ambacho hawakiuzi tena! Kitabu nilichokipata kilieleza tu namna ya kukaza skrubu. Mwishowe, mhandisi mstaafu wa nchi ya mbali, niliyekutana naye miongoni mwa watu wanaojitolea kuandika viendeshi, alinitumia picha za kurasa alizokuwa nazo. Sura inayohusu saa ya chipu, ile inayoamua kasi ya sauti, haikuwemo.

Nilikisia. Kadi ikazungumza. Nikatafuta salamu iliyoandikwa jina la Fabien, nikamwita Mama Leokadia, nikamvalisha vipokea sauti. Alisikiliza kidogo, akavivua.

"Uyu apana Fabien. Uyu ni mutoto mudogo."

Kasi haikuwa sahihi. Sauti ilikuwa nyembamba, inakimbia. Sijawahi kuona aibu kama siku ile, kumrudisha mama yule Buterere na sauti ya mtu asiyekuwepo. Nikarudi kwenye kusaka, hadi nikapata maelezo ya chipu nyingine ya kiwanda kilekile. Saa yake ilifanana. Nikabadilisha rejista moja tu.

Alipokuja tena, nilimwona akishika ukingo wa meza. Sauti nzito ya kijana ilisema: "Mama, ni mi Fabien. Niko Uvira, nyumba ya padri. Siendi fasi ingine. Nitakungojea hapa mupaka ufike."

Mama Leokadia hakulia. Aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa.

"Alikuwa ananingojea," alisema. "Na mi nilikimbilia Tanzania."

Tukavuka mpaka kwenda kuuliza Uvira, mimi na yeye. Nyumba ilikuwepo. Hakuna aliyemkumbuka.

Niliendelea kuzifungua salamu nyingine, lakini siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu kupita kiasi, ukaiunguza kadi ile moja iliyobaki. Salamu nyingi zilibaki zimefungwa. Nami nikastaafu.

Vijana wananiuliza kama najivunia kiendeshi changu kukubaliwa kwenye mfumo unaotumika dunia nzima. Nilijivunia. Kisha juzi wale wanaoutunza walituandikia sote tulioandika viendeshi: je, kuna yeyote bado anayeitumia kadi hii? Kama hakuna, kiendeshi chake kitaondolewa, kwani kukitunza ni kazi bure.

Niliwaza diski zile ziko wapi sasa. Niliwaza watu waliopanga foleni, kila mmoja akisema mahali alipo.

Nikajibu: "Hakuna. Kiondoeni."