Bidoni Mbili za Maternite

Maternite ndogo ya mtaa wetu hapa Katuba ina vitanda, ina mkunga, haina maji. Mjamzito anakuja na vitenge vyake, wembe mpya na bidoni mbili, madumu yaliyojaa maji. Asiye na bidoni anangoja. Uchungu wenyewe haungoji.

Asubuhi ile ya Oktoba, uchungu ulipomshika mdogo wangu, nilizihesabu bidoni zake: mbili, tupu. Nikahesabu tena, labda nimekosea. Mbili, tupu. Maji yake wapangaji wenzetu walikuwa wameshayaoga, na walinukia sabuni.

Nikampandisha pikipiki pamoja na shangazi watangulie maternite, nami nikakimbilia kisima cha uani. Kilikuwa kinatoa tope. Maji yote yaliyochotwa alfajiri yalikuwa ndani ya pipa la fundi wa bloke, matofali ya saruji, mpangaji wa chumba cha mbele.

"Papa, nipe bidoni mbili."

"Mayi hii ni ya bloke, mama. Nilitengeneza jana. Na jua hii, nisipoimwangia mayi, yote itapasuka."

Hakuwa anadanganya. Bloke zilipangwa ukutani, mbichi bado, na jua lilikuwa limeshazifikia.

Nikatoa silaha niliyoisoma kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya kisima. Nikamweleza kwamba huko Asia mashamba ndiyo yanayokunywa sehemu kubwa ya maji. Ulaya, viwanda na mitambo ya umeme vinajikatia fungu nene. Dubai, nilikokwenda kununua vitambaa, wanaichuja bahari mpaka chumvi itoke. Kongo yetu, pamoja na mito yote hii, mashamba yanachota kidogo tu. Fungu kubwa la maji yanayochotwa linaingia majumbani.

"Unasikia? Mu Kongo, nyumba njo inakunywa ya kwanza!"

"Basi uende kuchota ku Kongo," akanijibu. "Hapa ni Katuba."

Watu wote uani wakacheka. Hata mimi ningecheka, lakini simu ililia. Shangazi: "Mkunga anauliza mayi iko wapi! Kichwa cha mutoto kinaonekana!"

Midomo yangu ilishaanza mazoea yake ya kupatana bei: moja sasa hivi, ya pili jioni, na nitakuongezea... Fundi akanikata.

"Nani anazaa?"

"Mudogo wangu."

"Na weye unanifundisha Asia? Ungeanzia hapo!"

Akaliinamisha pipa mwenyewe. Bidoni zilipojaa, akasema bloke zikipasuka tutagawana hasara. Nikasema ndiyo. Akanitazama kwa wasiwasi.

"Mama, haupunguzi? Uko mugonjwa?"

Nilifika maternite kitenge changu kimelowa mpaka magotini. Mkunga alizipokea bidoni bila salamu. Kwenye benchi mwanamke mwingine alikuwa anaugulia, mama yake ameshika ndoo kavu. Mkunga akamimina nusu ya bidoni yangu ndani ya ndoo ile.

Nikafungua mdomo.

"Mama," akasema mkunga, tayari amenipa mgongo, "mayi ikipita mu mulango huu ni ya maternite."

Mlango ukafungwa. Nikasimama na yule mama wa ndoo, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Kisha mtoto akalia. Sauti moja. Nilikuwa nangoja ya pili, ya mdogo wangu, na haikuja. Shangazi hakutoka. Mtoto akanyamaza. Nilisikia maji yanamiminwa, yanamiminwa tena, na mkunga akisema kitu kwa sauti ya chini.

"Yaya!" Sauti iliyoniita dada mkubwa ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa ya mdogo wangu, na imekasirika. "Ni kweli banagawa mayi yangu?"

Nikakaa chini palepale, sakafuni.