Picha ya Kabichi Iliyofungiwa Karanga

Enzi zetu pale Malangali, somo la kuchora halikuhitaji duka. Tulifika shuleni vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Sumbawanga, kila mtoto na mboga aliyoichuma nyumbani: karoti na majani yake, vitunguu vyenye udongo, boga, nyanya. Mwalimu Oresta, aliyetufundisha darasa la sita, alizipanga mezani karibu na dirisha, akatuhimiza tuchore kabla hazijanyauka. Rangi tulijitengenezea wenyewe. Kijani tulikikamua kwenye majani ya maboga, wekundu ulitoka kwenye udongo, na bluu ilikuwa ile ya kufulia. Brashi ilikuwa kijiti kilichotafunwa ncha. Tukimaliza, mboga ziliingia sufuriani, tukazila na ugali wa ulezi. Sijaonja tena mboga tamu kama zile.

Mimi nilichora kabichi ya mama yangu, aliyekuwa na bustani kule Pito. Wadudu walikuwa wameyatoboa majani ya nje, nami nikataka kuyaruka yale matundu. Mwalimu Oresta akanikataza.

"Chora unachokiona," alisema.

Nikachora matundu yote. Alipoibandika ukutani, nilirudi nyumbani nikikimbia kumwambia mama.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungua biashara. Maduka ya mjini, ambayo tuliyazoea yakiwa na rafu tupu, yakaanza kujaa sabuni za kunukia, mitumba na picha kubwa za kung'aa. Basi shule ikapata taarifa ya wageni. Mwalimu mkuu akanunua picha za matufaha na zabibu, matunda ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyaonja, akaamuru picha zetu zibanduliwe. Mwalimu Oresta alijaribu kututetea. Akajibiwa mbele yetu kwamba wageni hawaji kutazama kabichi zilizoliwa na wadudu.

Wageni walikuja, wakanywa chai, wakaondoka. Sidhani kama walitazama ukuta.

Wiki iliyofuata nilinunua karanga getini. Mama muuzaji alinipa zimefungwa kwenye karatasi nene, na nilipoikunjua nikaona kijani changu, na yale matundu yangu. Nilimuuliza ameipata wapi. Akasema, bila ubaya wowote, kwamba amepewa rundo zima pale ofisini. Karanga sikuzila. Nilizimwaga mfukoni nikaenda na ile karatasi hadi Pito.

Mama yangu hakuwa mtu wa maneno. Aliitazama, akanawa mikono, akajifunga khanga, tukaongozana hadi shuleni. Alimwamkia mwalimu mkuu shikamoo kama kawaida, maana hasira haikuwa sababu ya kukosa adabu. Kisha akamwekea karatasi mezani na kusema, kwa Kiswahili chake chenye Kifipa ndani:

"Mtoto amechora chakula tunachokula. Ninyi mmekifungia karanga."

Mwalimu mkuu alicheka kidogo, akamwambia hiyo ni karatasi tu, mama, ataninunulia nyingine. Hakununua. Muhula uliofuata Mwalimu Oresta alihamishiwa darasa la kwanza, na kipindi cha kuchora kikawa cha kufyeka majani.

Sasa ninaishi Milanzi, na binti yangu ana simu inayopiga picha kali kuliko macho yanavyoona. Chakula chetu kinapoa mezani tukisubiri mwanga ukae sawa. Juzi nilitoka sokoni na nyanya zilizochumwa asubuhi ile ile, bado zina vikonyo. Akazipiga picha, kisha akakaa anaziongezea wekundu kwa kidole. Nikamuuliza kama hazikuwa nyekundu vya kutosha.

"Mama, zikiwa hivyo hakuna atakayezitazama," akanijibu kwa upole.

Nikachukua kisu nikaanza kuzikata nyanya, naye akaendelea na picha zake.